Skrubu ya amplifaya si ya kuongeza sauti

Fundi aliikata karatasi ya spika kwa wembe, akazunguka nayo taratibu mpaka ikaachia, kisha akachomoa koili kutoka kwenye sumaku na kuniwekea kiganjani. Waya wa shaba uliotakiwa kung'aa ulikuwa mweusi kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka. Gundi imefanya malengelenge, na mizunguko mitatu minne ya waya imefumuka na kuning'inia. Harufu yake niliijua. Ndiyo iliyonipokea nilipofungua buti Jumapili moja jioni, tunarudi Bagamoyo, watoto wamelala kiti cha nyuma. Sabufa ile ilikuwa na wiki tano tu tangu ifungwe.

“Hii haikufa kwa uzee, mwanangu,” aliniambia yule mzee. “Hii imepikwa.”

Hakuhangaika tena na spika. Aliinama ndani ya buti, akachukua bisibisi ndogo na kuigusisha kwenye skrubu iliyo pembeni mwa amplifaya, ile ambayo mafundi huiita geini. Ilikuwa imezungushwa kulia mpaka mwisho wake. Akaniuliza nani kaiweka pale. Nilimwambia ukweli: vijana wa duka lililonifungia muziki waliiweka katikati, nikawaambia waongeze, wakaongeza, nikafurahi, nikalipa, nikaondoka.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa miezi kadhaa, na maoni yangu sitayazungusha. Spika nyingi zinazoungua kwenye magari yetu haziuawi na ubovu wa spika wala udogo wa amplifaya. Zinauawa na skrubu hiyo moja, na wanaolazimisha izungushwe ni sisi wenye magari, kwa sababu tuko tayari kulipia vifaa lakini hatuko tayari kulipia kipimo.

Wengi wetu tunafika kwa fundi wa redio kwa njia ileile. Gari linatoka Japani, linashuka bandarini Dar es Salaam, na redio iliyomo inashika masafa ya FM ya kwao, yanayoanzia megahezi 76. Redio za miaka ya nyuma huishia 90. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mwenye gari anazungusha, anapata stesheni mbili za mwanzo na mvumo mtupu. Ama atafungiwa kile kifaa kidogo cha kuhamisha masafa, ama ataamua kung'oa redio nzima na kuweka yenye skrini. Akishafika dukani, mbele yake kuna spika za mlangoni, kuna amplifaya, kuna sabufa ndani ya boksi lililovikwa zulia. Alifuata taarifa ya habari ya saa mbili, anaondoka na muziki wa kutikisa vioo. Sioni ubaya. Mtu anayekaa kwenye foleni saa mbili kutoka Mbagala au Kimara anastahili kusikiliza kitu kizuri. Ubaya unaanzia kwenye ile skrubu.

Geini si sauti. Sauti iko mkononi mwa dereva, kwenye redio. Geini inaiambia amplifaya itarajie umeme wa kiasi gani kutoka kwenye redio. Kuna redio zinazotoa volti 2 kwenye nyaya za RCA, zile zinazopeleka muziki kwenye amplifaya, nyingine 4, nyingine 5. Ndiyo maana pembeni mwa skrubu mara nyingi huandikwa namba, labda 4 au zaidi upande mmoja na 0.2 upande wa pili. Ukiiweka kwenye 4, umeiambia: redio ikifikisha volti 4, toa nguvu zako zote. Ukiiweka kwenye 0.2, umeiambia itoe nguvu zote redio ikifikisha 0.2 tu. Lakini redio yenyewe ina uwezo wa kutoa 4, yaani mara ishirini ya hiyo. Dereva akipandisha sauti, kile kinachozidi kinakwenda wapi?

Wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba, na walitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Cha tele kina kilele. Cha mfuto muuzaji amepitisha kijiti juu ya ukingo, kilele kikaondoka, uso ukabaki bapa. Amplifaya haijui kibaba cha tele. Ukingo wake umewekwa na umeme ulio ndani yake: inapokea volti 12.6 za betri, au karibu 14 injini ikiwa inanguruma, inazipandisha hadi kiwango fulani, na hapo ndipo mwisho wa uwezo. Wimbi la muziki linalotaka kupanda zaidi ya hapo linapitiwa kijiti. Juu linakuwa bapa, na chini vilevile. Tofauti na mpunga, kilichofutwa hapa hakirudi guniani. Na wimbi bapa linalobaki huiongezea spika joto.

Hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, kwa kuwa ndiyo roho ya jambo lenyewe. Wimbi laini na wimbi bapa lenye kimo kilekile hayana nguvu sawa. Wimbi likifutwa kabisa hata likawa la mraba, hubeba nguvu mara mbili ya lile laini. Amplifaya yenye uwezo wa wati 300 safi inaweza kusukuma karibu 600 chafu. Na spika ni kifaa kinachopoteza sana: zaidi ya asilimia 90 ya umeme unaoingia hugeuka joto kwenye koili, na kinachobaki ndicho sauti. Koili iliyotengenezwa kustahimili wati 300 inapewa 600, dakika baada ya dakika, ndani ya boksi lililofungwa, ndani ya buti lililofungwa, kwenye jua la Dar es Salaam.

Na faida ya mateso hayo ni nini? Ukizidisha wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3. Ni hatua ndogo. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, zinahitajika wati karibu mara kumi. Kwa hiyo yule anayezungusha skrubu kutoka pale ilipostahili hadi mwisho hanunui muziki mkubwa. Ananunua mkwaruzo na joto. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu huogopa kwamba fundi akirudisha geini nyuma atakuwa amewaibia nguvu walizolipia. Hakuna kilichoibwa.

Nimewasikia pia wengi wakisema, kwa uhakika kabisa, kwamba spika imeungua kwa sababu amplifaya ilikuwa ndogo. Kauli hiyo inauza amplifaya kubwa, lakini haina ukweli kama inavyosemwa. Spika ya wati 300 ukiipa wati 50 safi itaimba kwa upole miaka na miaka. Kinachoua ni mtu asiyetosheka na hizo 50, anayeikamua amplifaya ndogo mpaka inatapika mawimbi bapa. Vispika vidogo vya sauti nyembamba vilivyo mlangoni ndivyo hutangulia kufa, maana wimbi linapofutwa kichwa huzaliwa masafa ya juu ambayo mwanamuziki hakuyapiga, na masafa hayo hukimbilia kwenye koili nyembamba kama unywele.

Tatizo linakuzwa na maandishi ya kwenye maboksi. Redio nyingi zimeandikwa wati 50 mara nne. Chukua volti 14.4 za gari, zidisha kwa 14.4, gawanya kwa 4, ambazo ndizo omu za spika ya kawaida ya gari. Unapata takriban 52. Hizo ndizo wati 50 zinazotangazwa: ni za wimbi la mraba lililokatwa juu na chini, tena bila kuhesabu hasara yoyote njiani. Wimbi safi halifikishi hata nusu ya hapo kwa urahisi. Liko kwenye wati 20 hivi. Kwa amplifaya, usisome boksi, tazama fyuzi zake. Fyuzi ya ampea 25 kwa volti 14 ni wati 350 zinazoingia. Amplifaya za daraja AB hurudisha kama asilimia 60 ya hizo, yaani wati 210. Za daraja D hurudisha zaidi ya asilimia 80, yaani wati 280 au zaidi kidogo. Kifaa chenye fyuzi hiyo kilichoandikwa wati 1,000 kinasema uongo, na mnunuzi anaweza kuugundua akiwa bado amesimama dukani, kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Mzee aliponifungia sabufa nyingine, aliniambia niketi, kwa kuwa kazi itachukua muda. Kwanza alizima kila kinachoongeza: ikwalaiza akairudisha katikati, akazima kitufe cha kuongeza besi. Kitufe hicho hupuuzwa, na ni hatari kuliko kinavyoonekana. Kikiwekwa kwenye desibeli 12, kinaiomba amplifaya nguvu mara 16 kwenye noti za chini, na hakuna amplifaya ya kawaida iliyonunuliwa ikiwa na akiba ya mara 16. Kisha akairudisha geini kushoto kabisa, akachomoa nyaya za spika, akawasha injini, akachomeka flashi.

Kwenye flashi hakukuwa na wimbo. Kulikuwa na mlio mmoja, mnene, usiobadilika, wa mizunguko 50 kwa sekunde. Aliniambia aliuchagua kwa sababu mbili: ni besi halisi ya sabufa, na umeme wa TANESCO nao ni wa mizunguko 50, kwa hiyo mita ya bei ndogo imetengenezwa kuusoma bila kukosea. Ukiipa mita hiyohiyo mlio mwembamba wa mizunguko elfu moja, inaweza kukudanganya.

Alianzia kwenye redio, si kwenye amplifaya. Alikuwa na kifaa cha kuonea mawimbi, skrini yake haizidi simu, akakigusisha kwenye waya wa RCA. Sauti ya redio ile inaishia 40. Alipandisha: 20, 25, 30. Wimbi kwenye skrini lilikuwa zuri, mabega ya mviringo, kama matuta ya mchanga. Kwenye 34 bado. Kwenye 36 vilele vikaanza kuwa bapa. Kumbe redio yenyewe ilikuwa inachafua sauti kabla haijafika kwenye amplifaya! Akarudi hadi 33 na kuniambia: “Hapa ndipo mwisho wako. Zilizobaki zisahau.”

Ndipo akahamia kwenye amplifaya. Boksi lilisema wati 300 kwa omu 4. Alizidisha, 1,200, akatafuta kipeuo cha pili kwenye simu: 34.6. Hizo ndizo volti zinazotakiwa kusomeka kwenye matundu ya spika mlio ukiwa unapiga na redio ikiwa kwenye 33. Akashika bisibisi na kuanza kuzungusha kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye mita. Nane. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Mkono wake ulikwenda polepole kuliko nilivyowahi kuona dukani. Mita ilipofika 32 akatazama skrini ya mawimbi: vilele vimeanza kufutwa. Akarudi nyuma hadi 31, vikawa vya mviringo tena. Skrubu ilikuwa haijafika hata robo ya safari yake.

Thelathini na moja mara thelathini na moja, gawanya kwa nne: wati 240. Boksi limesema 300, umeme umesema 240. Tena hapo amplifaya ilikuwa haijabeba spika, na isipobeba mzigo hujionyesha ina nguvu kuliko ilivyo. Mzee hakushangaa. Alikata kipande cha plasta nyeupe, akaandika “33” na “31 V”, akakibandika juu ya amplifaya. Alisema fundi mwingine akija kuigusa, ajue ilikuwa wapi.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa na mtu anayeuza spika: “Unasikiliza nini?”

Nilimwambia dansi la zamani, Sikinde na Msondo, na taarabu siku za mapumziko; watoto wakiwemo, singeli. Akatikisa kichwa, akaeleza. Nyimbo zile za kale zilirekodiwa kwa kanda, na wapiga mitambo wa wakati ule waliacha nafasi juu ya ala. Singeli na bongofleva za leo zinasukumwa studioni mpaka zinagusa dari kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukipima kwa mlio uliojaa kabisa, singeli itatosha na dansi litasikika hafifu hata redio ikiwa kwenye 33, na hapo ndipo mwenye gari hushawishika kuchukua bisibisi. Ukipima kwa mlio ulioshushwa desibeli 5, dansi litapata uhai, lakini singeli ikiwekwa kwenye 33 itafutwa kichwa, na lazima dereva aipunguze. Hakuna jibu moja. Kuna uamuzi, na uamuzi huo ni wa mwenye gari, baada ya kueleweshwa. Mimi nilichagua mlio uliojaa, kwa sababu si mimi peke yangu ninayeshika redio ya gari lile.

Yote hayo, kuanzia kuzima ikwalaiza hadi kubandika plasta, yalichukua dakika arobaini na tano. Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Kijana anayefunga muziki nje ya duka halipwi kwa saa. Analipwa kwa gari. Mteja amesimama begani kwake, jua linawaka, gari la pili linasubiri. Kijana akisema, “Kaka, nipe nusu saa nipime,” mteja anatazama saa yake na kumuuliza anapima nini wakati muziki unalia. Akizungusha skrubu na kusema, “Bosi, sikiliza hiyo!” mteja anacheka na kutoa hela. Tumemfundisha sisi wenyewe ni kazi ipi ina malipo na ipi haina. Nimewaona vijana wenye akili kali kabisa, wanaoweza kusoma nyaya za gari wasilolijua kwa dakika mbili, ambao hawajawahi kumiliki mita yenye betri nzima kwa sababu hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuwauliza volti.

Hakuna anayempelekea fundi cherehani kitambaa cha harusi kisha akamwambia akate kwa macho. Tunasimama, tunanyoosha mikono, tunapimwa kifua na bega, na tunalipia ushonaji. Kwa nini kifaa kilichogharimu mara kumi ya kitambaa hicho kikatwe kwa sikio, tena sikio lililokwisha chokeshwa na magari manne ya asubuhi hiyo?

Sikio lenyewe lina haki pia. Kipimo kinachofuatwa na wataalamu wa afya kazini wa NIOSH kule Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hugawanywa nusu. Kwenye 100 zinabaki dakika 15 tu. Chumba cha gari ni kidogo na kimefungwa, na mfumo wa kawaida uliofungwa vizuri unafika hapo bila taabu. Mwenye gari binafsi ana hiari ya masikio yake. Abiria hana. Nairobi, ambako matatu zinazoitwa nganya hushindana kwa muziki na michoro, na hata kwenye baadhi ya daladala zetu, abiria wa kiti cha nyuma ameketi juu ya sabufa saa nzima kila siku, na mara nyingi anachosikia ni ule mkwaruzo wa geini iliyofunguliwa ovyo. Muziki ule ungepimwa, ungependeza zaidi kwa sauti ndogo zaidi, na spika zisingebadilishwa kila baada ya miezi michache.

Jambo moja la pembeni, maana siwezi kulinyamazia: waya mkubwa unaotoka kwenye betri kwenda kwenye buti uwe na fyuzi karibu na betri yenyewe, isizidi sentimita 45. Waya huo unapita chini ya zulia, karibu na miguu ya watoto. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya inailinda amplifaya. Waya uliochubuka njiani haulindwi nayo.

Kwa hiyo ninaomba. Ukienda kufunga muziki, kabla hujatoa hela ya mwisho, muulize fundi mambo mawili: redio yangu mwisho wake ni namba ngapi, na amplifaya umeiweka volti ngapi. Akikuambia usubiri aazime mita kwa jirani, msubiri, na umlipe muda huo bila kunung'unika. Mita ya kawaida haifiki bei ya spika moja nzuri ya mlangoni. Na kama amplifaya tayari iko kwenye buti lako, nenda leo ukaitazame ile skrubu. Ukiikuta imelala mwisho wa kulia, usiiguse kwa kubahatisha. Punguza sauti ya redio, na uendeshe hivyohivyo mpaka utakapompata mwenye mita.